Kuuliza Maumivu Wakati wa Bamvua

Mtu aliyechorwa kwenye karatasi amesimama akiwa amekupa mgongo. Hana sura wala nguo. Mwili wake umegawanywa sehemu tisa: shingo, mabega, mgongo wa juu, viwiko, kiuno, vifundo vya mikono na viganja, nyonga na mapaja, magoti, kisha vifundo vya miguu na nyayo. Kila sehemu ina maswali matatu ya kujibiwa ndiyo au hapana. Katika miezi 12 iliyopita, umewahi kusikia maumivu au usumbufu hapa? Katika kipindi hicho, usumbufu huo ulikuzuia kufanya kazi zako za kawaida, za nyumbani au za nje? Na katika siku 7 zilizopita, umekusumbua? Sehemu tisa kwa maswali matatu, jumla maswali 27.

Dodoso hili lilichapishwa mwaka 1987 katika jarida la Applied Ergonomics. Waliolitunga walikuwa watafiti wa nchi za Nordiki, jina la Ilkka Kuorinka wa Finland likitangulia, na Baraza la Mawaziri la nchi hizo ndilo lililoiunga mkono kazi yao. Shida waliyokusudia kuitatua inaeleweka na mtu yeyote. Kila mtafiti alikuwa akiuliza maumivu kwa namna yake. Huyu anauliza habari za mwezi uliopita, yule za maisha yote. Huyu anasema mgongo, yule anasema uti wa mgongo. Majibu yakikusanywa hayalinganishiki. Baada ya 1987, aliyetaka kujua kama washonaji wa kiwandani wanaumia kuliko makarani, au kama wauguzi wa leo wanaumia kuliko wa zamani, alipata kipimo cha pamoja. Hadi sasa ni nadra kusoma utafiti wa ergonomia, yaani taaluma ya kuipatanisha kazi na mwili wa anayeifanya, usikute dodoso hilo limetajwa.

Sasa limehamia kwenye simu na vishikwambi. Naamini kuhama huko kunaweza kuwafaa zaidi watu ambao watunzi wake hawakuwa nao mawazoni: wasio na mwajiri, wasio na ofisi, wasio na likizo ya ugonjwa. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba asilimia 85.8 ya ajira barani Afrika ni ajira isiyo rasmi. Hao ndio wengi wetu. Lakini simu peke yake haitoshi, na ili kuonyesha ni kitu gani kinachopungua, nitawachukua wakulima wa mwani wa Unguja. Kazi yao inalijaribu dodoso hili kila upande.

Kwanza, kwa nini tuulize badala ya kupima? Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao bilioni 1.71 wanaishi na matatizo ya misuli, mifupa na viungo. Maumivu ya kiuno peke yake yaliwapata watu milioni 619 mwaka 2020, na hakuna tatizo jingine duniani linalowaondolea watu uwezo wa kufanya shughuli zao kuliko hilo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maumivu hayo haina alama ya kuonekana. Mtu hawezi kuinama kufunga viatu, naye picha yake ya eksirei ni safi. Mwingine pingili zake zimelika na hana analolalamikia. Njia inayofika kwenye maumivu ni swali, na jibu linatoka kwa mwenye mwili.

Bernardino Ramazzini, daktari wa Modena nchini Italia, alilitambua hilo mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1700 kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, aliwataka madaktari waongeze swali moja juu ya yale waliyoyarithi kutoka kwa Hippocrates: unafanya kazi gani? Alipowaeleza makarani na waandishi wa wakati wake, alitaja kukaa kutwa, mkono usiopumzika na akili iliyokazwa. Imepita zaidi ya miaka 300, na maelezo hayo yanamfaa mhasibu aliye mbele ya kompyuta bila kubadilishwa neno.

Watunzi wa 1987 nao hawakulisifu dodoso lao kupita kiasi. Walieleza kwamba halitumiki kumtambulia mtu ugonjwa. Linatazama kundi, kisha linaonyesha kazi ipi inahitaji kuchunguzwa. Walipowauliza watu wale wale kwa mara ya pili, majibu yasiyolingana na ya kwanza yalikuwa kati ya asilimia 0 na 23, kutegemea swali. Maana yake ni kwamba yapo maswali ambayo karibu mtu mmoja kati ya wanne alijibu tofauti. Si kwamba walidanganya. Maumivu huja na kuondoka, na kumbukumbu huyashika vibaya. Anayeumwa leo huuona mwaka mzima kuwa ulikuwa wa maumivu. Aliyepata nafuu juzi huona aliumwa kidogo tu.

Watafiti wa Sweden na Denmark walipambana na udhaifu huo kwa simu za kawaida kabisa. Badala ya kumwuliza mgonjwa habari za mwaka mzima, walimtumia ujumbe mfupi kila wiki: wiki hii kiuno kimekusumbua siku ngapi? Jibu ni tarakimu moja, kuanzia 0 hadi 7. Wengi waliendelea kujibu kwa miezi, kwa kuwa kujibu kulichukua muda mfupi sana. Majibu hayo yakatia nguvu hoja kwamba kwa watu wengi maumivu ya kiuno si tukio lenye mwanzo na mwisho. Yanapanda, yanashuka, yanatulia, yanarudi. Ukimwuliza mtu mara moja kwa mwaka, unapata alama moja kutoka kwenye mstari mrefu unaopinda, na huna njia ya kujua umeiokota juu au chini.

Kwetu vifaa vyenyewe si vigeni. Programu ya ODK, ambayo imezaa nyingine nyingi za kukusanyia taarifa kwa simu, ilianza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wahudumu wa mpango wa afya wa AMPATH wa Eldoret walikuwa miongoni mwa walioitumia mapema, wakipita nyumba kwa nyumba magharibi mwa Kenya. KoboToolbox, inayopendwa na mashirika ya misaada, imejengwa juu ya msingi huo huo. Kenya ilihesabu watu wake kwa vishikwambi mwaka 2019, Tanzania ikafanya hivyo mwaka 2022. Mwanakijiji aliyemwona karani wa sensa akibonyeza kioo barazani kwake hatashangazwa na mtafiti anayefanya hivyo.

Faida ya dodoso la kwenye kioo huonekana katika mambo madogo. Kwenye karatasi, mtu anaweza kuandika kwamba goti lilimsumbua ndani ya siku 7 zilizopita, na papo hapo akaandika kwamba halikumsumbua ndani ya miezi 12. Karatasi inapokea tu. Mtafiti anakuja kuuona mgongano huo baada ya wiki tatu, akiwa mjini, na mwenye goti hapatikani tena. Simu inaulizia hapo hapo. Aliyesema hana shida ya shingo haulizwi zaidi juu ya shingo, na dodoso linapita kwenye mabega. Mahali pasipo na mtandao majibu yanahifadhiwa hadi upatikane. Maswali yanaweza kusomwa kwa sauti, kwa lafudhi ya mahali, ili asiyesoma asilazimike kumtegemea mtoto wa shule amsomee habari za kiuno chake.

Lakini liko kosa ambalo simu huliongeza. Watengenezaji wengi wa madodoso huweka kila swali kuwa la lazima, dodoso lisisogee mpaka mtu ajibu. Mtu aliyechoka, anayetaka kwenda zake, hubonyeza chochote. Mtafiti anapata jedwali lisilo na nafasi hata moja iliyo wazi na anafurahi, kumbe nafasi iliyoachwa wazi ingemweleza ukweli zaidi. Kwangu mimi, haki ya kuruka swali ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Sasa twende pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza huko mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Leo zaidi ya watu 20,000 wa Zanzibar wanaishi kwa mwani, na wengi wao ni wanawake. Kazi hufanywa maji yakipwa. Mkulima anakwenda kwa miguu hadi shambani, anapigilia vigingi mchangani, anavuta kamba kati yake, na kwenye kamba anafunga vipande vya mbegu, kipande kimoja baada ya kingine. Mikono iko kwenye usawa wa magoti au chini yake, mgongo umeinama, miguu imo majini. Wapo wanaofungia mbegu wakiwa wamekaa mchangani, miguu wameinyoosha mbele. Wakati wa kuvuna, gunia la mwani mbichi, zito mara kadhaa kuliko litakavyokuwa baada ya kukauka, hubebwa kichwani au huburutwa hadi ufukweni. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataka mzigo wa mwanamume mtu mzima usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe chini ya hapo kwa kiasi kikubwa. Huku maji yakianza kurudi, gunia la mwani halipitishwi kwenye mizani.

Mwaka 2012 jarida la Aquaculture lilichapisha utafiti wa wanasayansi wa Sweden na Tanzania waliowalinganisha wakulima wa mwani na wanawake wengine wa Unguja wasiofanya kazi hiyo. Wakulima waliiona afya yao kuwa mbaya zaidi, na miongoni mwa mambo waliyoyataja yalikuwa uchovu, maumivu ya misuli na viungo, njaa, shida za kupumua, macho, na majeraha ya viumbe na makombe makali ya baharini. Utafiti ule ulifungua mlango. Kinachotakiwa baada yake ni kufuatilia: nani anaumia wapi, lini, na katika hatua gani ya kazi. Kwa hilo, ukilichukua dodoso la 1987 ukalitafsiri na kuliweka kwenye simu kama lilivyo, litakupa majibu ya kupotosha. Nianze na swali la siku 7.

Anayeishi pwani anajua kwamba wiki ya bahari haihesabiwi kuanzia Jumatatu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana, shamba la mwani linabaki kwenye maji ya magotini au pungufu, na wakulima wanaingia. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu, ambapo bahari haishuki vya kutosha na mkulima anabaki nchi kavu akianika mwani, akiandaa kamba, akishughulikia nyumba. Mzunguko huo unachukua kama siku 14 au 15. Basi mtafiti akifika kijijini mwishoni mwa maji mafu akauliza habari za siku 7 zilizopita, anauliza habari za mapumziko. Mkulima atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli. Akifika mwenzake kijiji cha pili mwishoni mwa bamvua, atapokea ndiyo nyingi. Ripoti itaandika kwamba kijiji cha kwanza kina migongo yenye afya, na huenda mtu akatafuta sababu kwenye udongo, umri au kipato, wakati tofauti yote imeletwa na mwezi.

Kwa karatasi, kosa hili ni gumu kuliepuka. Watafiti huja gari linapopatikana na posho inapotoka. Simu haina kikwazo hicho. Nyakati za kupwa na kujaa zinajulikana mwaka mzima kabla. Dodoso linaweza kupangwa limfikie mkulima siku ya tatu ya bamvua jioni, akiwa amekwisha kuoga na kula, kisha limfikie tena katikati ya maji mafu. Tofauti ya majibu yake mwenyewe kati ya nyakati hizo mbili ni taarifa yenye thamani kubwa. Maumivu yanayobaki yale yale wakati wote huenda yana chanzo kingine, kama umri au kuchota maji. Yanayopanda na bamvua na kushuka na maji mafu yanatokana na shamba. Huhitaji kumlinganisha na mwanamke wa kijiji kingine ambaye maisha yake ni tofauti. Unamlinganisha na yeye mwenyewe. Sijui njia nyingine ya bei nafuu namna hiyo ya kutenganisha maumivu ya kazi na maumivu ya maisha, na inatokana na bahari yenyewe.

Swali la miezi 12 nalo linahitaji kushikizwa kwenye kitu. Mtu akiulizwa habari za tangu Ramadhani iliyopita, au tangu kusi ilipoanza kuvuma, anakumbuka vizuri zaidi kuliko akitajiwa miezi kwa idadi. Dodoso la simu linaweza kuzihesabu siku lenyewe na kuliandika swali upya kila mwezi, mwulizwaji asione hesabu yoyote.

Hata hivyo, swali linalonisumbua kuliko yote ni lile la katikati: maumivu yalikuzuia kufanya kazi zako za kawaida? Nchini Sweden swali hilo linapima ukali wa maumivu, kwa sababu mtu aliyeumia sana anaweza kukaa nyumbani na akalipwa. Mkulima wa mwani akikaa nyumbani katika bamvua, mwani unakatika na kuchukuliwa na maji, na siku za kuingia shambani zinampita hadi bamvua nyingine. Hana mwajiri wa kumpa ruhusa. Kwa hiyo anakwenda. Anameza dawa ya maumivu ya dukani, anajifunga kanga kiunoni ikaze, anakwenda. Ukimwuliza kama alizuiwa, atasema hapana, na jibu lake litaingia kwenye jedwali kama la mtu mwenye nafuu. Kwa maneno mengine, mahali pasipo na likizo ya ugonjwa, swali la ukali wa maumivu linageuka kuwa swali la umaskini, na majibu yake yanawafanya wenye shida zaidi waonekane wazima zaidi.

Kipimo cha haki kwake ni kile alichopunguza. Bamvua hii umefunga kamba ngapi, na kwa kawaida unafunga ngapi? Kuna kazi umempa mtoto au jirani akufanyie? Ulikaa chini mara ngapi kabla ya gunia kufika ufukweni? Umenunua dawa ya maumivu? Maswali haya yanaweza kuongezwa chini ya lile la awali bila kuligusa, ili ulinganisho na tafiti za nchi nyingine ubaki. Hilo ni jambo ambalo simu inaliruhusu kirahisi: swali la ziada linafunguka tu kwa yule aliyesema ana maumivu, wengine hawalioni.

Mchoro wa mtu nao una mambo yake. Watunzi wa 1987 waliweka picha kwa makusudi, na wakaeleza kwamba mipaka ya sehemu za mwili haiko wazi na kwamba mwenye maumivu ndiye anayeamua yako sehemu ipi. Kwa Kiswahili picha inahitajika zaidi, maana mtu akisema mkono unamuuma anaweza kuwa anasema habari ya kitu chochote kuanzia begani hadi vidoleni, na kiwiko kwa wengine ni cha katikati ya mkono, kwa wengine ni cha karibu na kiganja. Kidole kikigusa kioo, ubishi unakwisha. Lakini mwili mtupu uliochorwa, unaowekwa mbele ya mama wa makamo wa Jambiani na kijana wa kiume aliyetoka chuoni, hautapata majibu ya kweli kuhusu kiuno, nyonga na mapaja. Atasema mgongo, basi. Mchoro unaweza kuvalishwa, mwulizaji anaweza kuwa mwanamke, na bora zaidi, mwulizaji asiwepo kabisa: mkulima abaki na simu, asikilize swali masikioni, aguse peke yake.

Simu ipi, ndilo swali linalofuata. Kioo hakisikii kidole chenye maji ya chumvi, na jua la saa saba mchana pale Paje halikuachii uone kitu. Ndiyo maana nimesema jioni. Tena wengi hawana simu janja, wana kitochi. Si kizuizi kikubwa. Watu wale wale wanatuma na kupokea fedha kila siku kwa nyota na reli, wanaijua menyu ya bonyeza 1, bonyeza 2 kuliko watafiti wengi. Maswali tisa ya siku 7 yanaingia humo, au katika simu ya sauti inayompigia mtu na kumsomea. Gharama ibebwe na utafiti kikamilifu. Haifai mtu akatwe hata shilingi kwa kueleza maumivu yake.

Kubwa zaidi ni kwamba simu mara nyingi ni ya nyumba nzima. Mume anaweza kuusoma ujumbe. Binti anaweza kujibu kwa niaba ya mama. Dodoso zuri linaanza kwa kuuliza nani anajibu, na haliachi majibu yakionekana kwenye kioo baada ya kutumwa.

Hofu ya macho ya wengine inakuwa kali zaidi penye mwajiri. Katika mashamba ya maua ya Naivasha, mashamba ya chai, au viwanda vya nguo vya Athi River, kishikwambi kikiletwa na msimamizi, anayejibu anajua kesho atakutana na nani getini. Mkataba wake ni wa msimu. Akisema bega limekufa, nani atamwita msimu ujao? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote zinazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Sheria hizo zinapaswa kusomwa na kila anayetengeneza dodoso la maumivu, na tafsiri yake kazini iwe nyepesi: mwajiri anaonyeshwa majibu ya idara, kamwe haonyeshwi ya mtu. Idara yenye watu watano haionyeshwi peke yake, kwa sababu watu watano wanatambulika hata bila majina.

Na majibu ya dodoso kama hilo yanaweza kuwa na uzito mahakamani pia. Mwaka 2022 mahakama ya Edinburgh, Scotland, iliruhusu kesi ya pamoja ya wachuma chai wa Kenya waliodai kwamba mizigo na namna ya kufanya kazi vimewaharibia migongo. Kesi hiyo ikaingia kwenye mabishano marefu ya kama madai kama hayo yaamuliwe Scotland au Kenya. Mimi nabaki na jambo la kabla ya mahakama. Mchuma chai anapofikia kudai, ushahidi mwingi unaomhusu unakuwa mwili wake wa leo na maneno yake kuhusu miaka ya nyuma. Laiti angekuwa na majibu yake mwenyewe ya kila mwezi, yenye tarehe, yaliyotunzwa na taasisi isiyo ya mwajiri, mazungumzo yangekuwa mengine.

Lipo pia kundi ambalo madodoso ya kazini hayalioni kabisa: walioondoka. Ukienda kiwandani kuuliza nani anaumwa, unawakuta waliostahimili. Mshonaji aliyeshindwa na mabega amekwisha kurudi kwao Machakos au Singida, na kutokuwepo kwake kunakifanya kiwanda kionekane salama. Wataalamu wa afya kazini wanaujua mtego huu kwa muda mrefu. Hapa simu ina nguvu ambayo karatasi haikuwahi kuwa nayo, kwa kuwa namba ni ya mtu, haibaki kwenye kiti alichokalia. Ikiwa alikubali tangu mwanzo, anaweza kuulizwa miezi sita baada ya kuacha kazi: uliacha kwa sababu gani, na bega likoje sasa? Kwa wakulima wa mwani ni vivyo hivyo. Wanawake waliokiacha kilimo hicho wapo, na hakuna anayejua vizuri kuliko wao kazi hiyo inaharibu nini.

Haraka yangu ina sababu. Kilimo cha mwani Zanzibar kinabadilika. Aina ya mwani inayoitwa cottonii, yenye bei nzuri kuliko spinosum, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto la bahari, na watafiti, akiwemo Dk. Flower Msuya ambaye ameushughulikia mwani wa Zanzibar kwa miaka mingi, wamekuwa wakijaribu kuupeleka kwenye kina kirefu kwa kutumia nyavu za mfano wa mabomba. Serikali ya Zanzibar nayo, katika sera yake ya uchumi wa buluu, imekuwa ikigawa boti kwa wakulima. Mabadiliko haya yanagusa mwili moja kwa moja. Gunia lililokuwa linabebwa kichwani litabebwa na chombo, na shingo huenda ikapona. Lakini kuvuta wavu mzito kutoka majini hadi ndani ya boti ni kazi ya mabega na viganja, na wanawake wengi hawajui kuogelea, kwa hiyo watafanya kazi hiyo wakiwa wamekaza mwili mzima. Inawezekana maumivu yatapungua. Inawezekana yatahama tu kutoka kiunoni kwenda begani. Katika ripoti nilizosoma, tani za mwani, bei kwa kilo na idadi ya boti vyote vinahesabiwa, mabega hayamo.

Kujua kama maumivu yatapungua au yatahama kunahitaji vipimo vya kabla ya boti kufika. Dodoso la sehemu tisa, likiulizwa kwa kufuata bamvua na maji mafu, katika vijiji ambavyo boti bado hazijafika na kwa watu wale wale watakaozipanda baadaye, lingeweza kuandaliwa kwa miezi michache na watu waliopo hapa hapa, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Taasisi ya Sayansi za Bahari na vituo vya afya vya shehia. Majibu yarudi kwanza kwa wakulima wenyewe, yasomwe barazani kabla ya kwenda kwenye makongamano, kwa sababu wao ndio watakaosema kama wavu upunguzwe urefu au boti iongezewe roda ya kuvutia. Boti zikishafika kila kijiji na watu wakazizoea, kipimo cha kabla hakitaweza kuchukuliwa tena. Nafasi iliyobaki ni kwenye vijiji ambavyo bado vinasubiri.